Shahidi ya Pili ku Mashiba

Mashiba, tarehe 6 mwezi ya pili 2024

Yaya Angélique,

Kama uko ku meza yako ya samaki, usisome hii barua pale. Iweke mu kifua, utaifungua ku nyumba, mulango imefungwa. Nimeambia Merdi, mwenye anakuletea samaki na pikipiki, akupatie mu mukono yako mwenyewe, asiache na bamama bengine ya soko. Niliifunga mu plastique chini ya kambale ili isilowane. Unayua tangu radi ilipiga antenne ku Noël, hapa ku camp ya bavuvi hakuna réseau. Na hata ingekuwako, hii maneno singeisema mu téléphone.

Nitakuambia vile macho yangu iliona, bila kuongeza.

Jana lundi mvua ilikatika asubui. Mi na Mulenga, ule mwenye alinifundisha kazi ya nyavu, tuliingia na bwato jua ikiwa imepanda muzuri. Mulenga alikuwa nyuma, kichwa chini, anatoa mayi mu bwato na kipande ya bidon. Mi nilikuwa mbele, navuta. Nyavu ikakataa. Nikafikiri imeshika muti. Kiisha ikaregea yenyewe, na mbele yangu, sawa hatua tano, mugongo ikatoka mu mayi.

Yaya, mi nayua mamba. Kiboko nilionaka ku Lufira. Hii haikuwa mamba, haikuwa kiboko, haikuwa samaki. Mugongo ilikuwa mupana sawa mulango ya nyumba, rangi ya majivu ya kulowana, bila magamba. Ilipanda polepole, ikasimama. Ikapumua. Nilisikia pumuzi yake, ndefu, sawa ya muntu mwenye kulala na homa. Kiisha upande ya mbele, fasi kichwa ingekuwa, ikanigeukia. Haikuwa na macho. Na mi nayua iliniona.

Ikashuka, mayi ikafunga juu yake bila kelele. Nyavu nikaivuta, na ilikuwa imejaa tilapia, mingi, sijaonaka vile tangu nilifika hapa.

Unayua juu nini niko naogopa zaidi. Nono bibi yangu iko na mimba ya myezi munane. Mbili ya kwanza zilikufa mu tumbo, na ku matanga ya pili papa yake, shemasi Papa Lucien, alisema mbele ya bote: ya tatu ikipata shida, nitatafuta fasi yenye shida inatoka, na mutoto yangu hatarudia mu ile nyumba. Sasa ikisikilika ku Hewa Bora, kule kwa papa yake, kama bwana ya Nono aliona kintu mu mayi, na saa ile ile nyavu yake ikajaa, batasema nini? Batasema nilipatana na ile kintu, na bei ni mutoto.

Kwa hiyo usiambie muntu. Hata moya.

Mudogo yako,
Mutale


Katuba, tarehe 9 mwezi ya pili

Mutale, mwenye macho mingi,

Barua ilifika, inanuka kambale tu. Nilisoma mu choo, juu batoto ya jirani habana adabu.

Nilianza kwa kucheka, unisamehe. Nikajiuliza, lutuku, ile pombe kali ya ku Mashiba, banapika na nini? Mamba-muntu yenye banachora ku kibambazi ya mabar hapa Katuba iko na nywele ndefu na herini ya zahabu. Ya kwako haina hata macho. Hata mambo ya kuogopesha, we unapata ile ya bei ya chini.

Kiisha nikasoma mara ya pili, na sikucheka. We si muntu ya bongo, hauyue kudanganya. Ukiiba sukari, mama alikuwa hayaingia mu nyumba na we umekwisha kujishitaki mwenyewe.

Lakini angalia na upande ingine, mudogo. Ile tilapia ulituma, bamama balipigania. Meza yangu ilibaki mutupu mbele ya saa sita, na Mama wa pembeni yangu alininunia siku muzima. Pengine Mungu alitukumbuka tu. Nilitumia Nono mbili kubwa, juu mwenye mimba anapaswa kula. Iko muzuri ku nyumba ya papa yake, miguu imevimba kidogo, anapumzika, na Papa Lucien anamusomea Biblia kila magaribi, yeye analala katikati ya sura.

Siri yako ninayo. Sikuambia muntu.

Sasa nijibu kitu moya. Mulenga yeye alisema nini? Mulikuwa mu bwato moya. Kama aliona vile uliona, basi ni nyama ya mayi, na Mungu aliumba nyama mingi zenye sisi hatuyue majina yake. Lala bila woga.

Yaya yako,
Angélique


Mashiba, tarehe 12 mwezi ya pili

Yaya,

Umeuliza fasi yenye inauma. Mulenga hakuona. Na ni mi nilimuzuia.

Ile kintu ilipopumua, Mulenga alisikia. Akaanza kuinua kichwa. Mi nikapiga kelele: usiangalie. Nikamuangukia, nikashika shingo yake na mikono mbili, nikamulaza uso ku bidon mpaka ile kintu ikashuka. Nilifanya vile we ulinifanyiaka siku camion ilikanyaga ule mutoto mbele ya école: ulinifunika macho na kitenge yako, ukanivuta mpaka ku nyumba. Kwetu, ukipenda muntu, unamufunika macho. Nilifikiri niko namusaidia.

Hapa ni kinyume, na mi muntu ya Katuba sikuyua. Ku Mashiba, ukiona kintu yenye hauyue, kazi yako ya kwanza ni kuita mwenzako: angalia na we. Banasema, yenye muntu moya aliona iko yake, yenye babili baliona iko ya mayi. Ikiwa ya mayi, basi, munaivuka, munaendelea na kazi. Ikiwa yako, iko yako. Mulenga alikuwa na haki ya kuangalia na mi nilimunyima. Sasa camp muzima iko nauliza: juu nini alificha? Muntu anaficha kintu yake tu.

Mulenga ananisalimia bado, lakini hapande tena bwato yangu. Alinisema: kidole moya haivunje chawa, Mutale, na we ulikata ya kwangu. Bibi yake aliondoa samaki yabo ku kitanda ya kukaushia yenye tulikuwa tunatumia pamoja. Aliokota moya moya, akaenda kutandika ya kwake mbali.

Na samaki, Yaya. Fasi bengine banapata bule, mi napata imejaa. Nilihamisha nyavu mara tatu, nikaitupa mu matete fasi hakuna kitu, ikajaa. Zamani ningecheza. Sasa nikiona bwato imejaa, nahesabu siku zenye zinabakia Nono azae.

Nakuomba, Nono asikule tena hii samaki. Uza, ao tupa, lakini yeye asikule.

Mutale


Katuba, tarehe 16 mwezi ya pili

Mutale,

Kaa chini kwanza.

Mutoto hakufa. Naandika tena: hakufa. Sasa soma ingine.

Barua yako ilinifikia mercredi. Nono alikuwa amekwisha kula zile mbili, na tatu zingine zenye nilimupelekea dimanche. Jeudi asubui damu ikaanza kutoka. Balimupeleka ku maternité, iko kule mpaka sasa, miguu juu ya mito. Docteur anasema asisimame mpaka azae. Nilisikia na masikio yangu moyo ya mutoto mu ile machine yabo, inakimbia, inakimbia. Nilitaka kuishika.

Kiisha Papa Lucien akakuya ku meza yangu. Alivaa veste, mu joto ile. Akavua kofia. Hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga. Aliniuliza mbele ya samaki yangu: Mama Angélique, mudogo yako aliona nini mu mayi? Nikasema siyue. Akasema: mi nayua. Akasema we, Mutale, usikanyage ku maternité, hata ku mulango.

Siyue nani alisema. Nafikiri ni Merdi. Yeye njo anabeba barua, na plastique ya mara ya mwisho ilikuwa imefunguka upande moya.

Samaki ya jana sikuuza. Nilizika nyuma ya nyumba, jirani bakiangalia. Bafikiri vile banataka. Niko na woga, Mutale, na mi hauniyue na woga.

Angélique


Mashiba, tarehe 19 mwezi ya pili

Yaya,

Nilimupiga Merdi. Alipofika kuchukua samaki nilimushusha ku pikipiki, nikamupiga mbele ya bantu bote. Aliapa ku kichwa ya mama yake kama hayue kusoma. Nikaona ni bongo, nikamupiga tena. Akaenda na damu ku mudomo na hatarudia. Hii barua naituma na muzee ya makala, mwenye anasukuma baisikeli mpaka ku Ruashi, fasi mji inaanzia. Itafika siku itafika.

Samedi nilitembea na miguu. Nilisema, banipige, lakini nitamuona bibi yangu. Ku kuingia Ruashi bandugu babili ya Nono balikuwa banangojea. Habakunigusa. Mukubwa alisema tu: Papa alisema urudie. Alisema na adabu, hata akanipatia mayi ya kunywa. Nikarudia.

Naingia mu mayi peke yangu sasa, juu nitakula nini? Na kuko kintu inanifuata chini ya bwato. Siione. Lakini majani ya mayi nyuma yangu inalala yote upande moya, hata kukiwa hakuna upepo, na nikisimama, inasimama. Leo nilisimama mara ine. Mara ya tano nilipiga kafi bila kugeuka mpaka nikafika inchi kavu.

Kama mutoto akifa, usinitumie barua. Kuya uniambie na mudomo.

Mutale


Katuba, tarehe 23 mwezi ya pili

Mutale, mudogo yangu,

Merdi hayue kusoma. Ni kweli. Ni mi.

Siku ile nilikuandikia kama sikuambia muntu, magaribi yake, wino haiyakauka, nilienda kwa Maman Simone ya groupe de prière. Nilitaka maombi, si kitu ingine. Nilimusema: umuombee mudogo yangu, aliona kintu mu mayi na anaogopa. Maman Simone aliomba, kweli. Lakini aliomba na sauti, mbele ya bamama makumi ine, na jina yako, na jina ya Mashiba, na tilapia ndani. Shemeji ya Papa Lucien alikuwa amepiga magoti ku mustari ya pili.

Nikaona haya. Nikaweka Merdi mbele yangu sawa ngao. Na we ukamupiga. Ile damu ya mudomo yake iko ku kichwa yangu, na nitaenda mwenyewe kwa mama yake, nimuombe Merdi akuletee hii barua.

Sasa ya Nono. Bado amelala, mutoto bado iko. Papa Lucien ameita réunion ya famille, samedi tarehe 9 mwezi ya tatu, ku nyumba yake. We hautaalikwa. Nilienda kumupigia magoti. Usimuchukie, Mutale. Bajukuu babili alibazika mwenyewe, masanduku ile madogo aliibeba na mikono yake, hakutaka muntu amusaidie. Alinisema: mi siseme aliuza mutoto. Nasema yeye moya hawezi kujishuhudia. Biblia inataka mashahidi babili. Kukiwa muntu mwenye aliona pamoja naye, nitafunga kinywa. Kukikosa, Nono atabaki hapa, na mutoto atabeba jina yangu.

Unaona? Shemasi ya ku Hewa Bora na bavuvi ya ku Mashiba, habayaonana hata siku moya, na banataka kitu moya.

Mulenga hawezi, hakuona. Basi nitakuwa mi. Mi mwenye naogopa hata mayi ya bassine, nitapanda ile bwato yako, na nitakaa ndani mpaka niione. Omba Merdi musamaha, na magoti kama inafaa, anichukue mardi ku Ruashi.

Na kama unataka kunitukana juu ya Maman Simone, unitukane ku inchi kavu. Mu bwato sitaweza kujibu.

Angélique


Katuba, tarehe 10 mwezi ya tatu

Papa Chanda,

We njo naita vile. Ni mwanamuke, alizaliwa mardi, siku ine kiisha mi kutoka kwako, kilo tatu kasoro kidogo. Nono alimupa jina ya mama yetu mbele ya papa yake, na papa yake hakukataa. Iko na mapua yako, masikini.

Jana réunion ilifanyika. Bantu kumi na munane, viti ya plastique mpaka inje. Maman Simone alikuya pia, alikaa nyuma, hakuombea muntu. Papa Lucien aliniuliza mwenyewe, sawa juge.

Uliona na macho yako? Niliona. Siku gani? Vendredi, tarehe moya, asubui, jua wazi. Ulikuwa na nani? Na mudogo yangu, mu bwato moya, mi mbele, yeye nyuma. Rangi gani? Majivu ya kulowana. Iko na macho? Haina. Akaleta Biblia, nikaweka mukono, nikarudilia yote.

Alifunga Biblia. Kiisha akasema: basi, ni nyama ya mayi. Akaingia mu chumba, akaleta Chanda, akanipatia mu mikono. Alisema, bwana ya Nono akuye samedi achukue bantu yake.

Umepata bibi yako, umepata mutoto. Sasa soma polepole yenye inabaki.

Mi sikuona kitu.

Mardi ile nilifika kwako, mercredi na jeudi tuliingia mu mayi asubui mpaka jua ikatuchoma, na hakukuwa kintu. Vendredi ilikuwa ya mwisho, Merdi alikuwa anakuya kunichukua saa sita. Nilikaa mu ile bwato, nimeshika mbao mpaka bidole inaniuma, na nikawaza. Kuapa bongo mbele ya Papa Lucien, nitaweza. Lakini we utayua kama ni bongo, na utabaki peke yako na ile kintu maisha yako yote. Basi nikakudanganya we kwanza. Nikanyosha kidole ku matete, nikasema: naiona, Mutale, iko pale. Ukaanza kulia. Nikalia na mi. Ulifikiri nalia juu ya kuona.

Nilikuwa naangalia matete. Kulikuwa ndege moya na matete.

Ningeweza kunyamaza, na ungekuya ukicheka. Lakini bongo yangu ya Maman Simone inatosha. Sitake ingine katikati yetu. Ile ya Biblia, nitaijibu mwenyewe siku yake, we usiibebe.

Angélique


Mashiba, tarehe 12 mwezi ya tatu

Yaya,

Nilikuwa nayua.

Ulinyosha kidole ku kushoto, ku matete. Yenyewe ilikuwa ku kuume. Mukono yako ya kuume ilikuwa imeshika ukingo ya bwato, bidole inje, zinagusa mayi. Ilipanda chini ya bidole wakati we uko nasema naiona. Polepole, vile vile sawa ile siku. Ilikuwa karibu na bidole yako sawa kiganja moya. Ilisimama pale. Ikapumua. Unakumbuka ulinisema nini? Ulisema bila kugeuka: Mutale, usipumue vile, unaniogopesha.

Haikuwa mi.

Neno moya tu ilibaki: geuka. Safari hii sikuwa muntu ya kutoyua, camp muzima ilikuwa imenifundisha, nililipa kwa kujifunza. Ungegeuka, ungeona, ingekuwa ya mayi, na mi ningekuwa huru. Kinywa ilifunguka. Sikuweza. Ungegeuka kwa nguvu bwato ingepinduka, na we hauyue kuogelea. Hiyo ni sababu moya. Ingine ni kama nilikuona pale mbele yangu, na kilemba yako ya kanisa, ulivaa muzuri sawa unaenda ku misa, umekuya kuniokoa, na nikawaza ile uso bila uso ikae mu macho yako mpaka uzee. Nikanyamaza. Njo maana nililia.

Ilishuka wakati ulipotoa mukono kupangusa machozi.

Basi iko yangu bado. Papa Lucien alifunga kinywa, lakini ile kintu haikuketi mu réunion ya Papa Lucien. Tangu nilipata barua yako nimefunga mufuko yangu mara mbili, nimeifungua mara mbili. Nataka kumuona Chanda mpaka meno inaniuma. Na naogopa kumushika. Kama inafuata bwato, haitafuata muntu? Pengine nibaki huku, ikuwe na mi, mbali na yeye.

We njo uliapa, we sema. Merdi atangojea jibu, tumepatana, ananicheka hata. Ukisema nibaki, nitabaki, na sitakukasirikia.

Mutale


Katuba, tarehe 14 mwezi ya tatu

Mutale,

Merdi iko ku mulango, hakuzima pikipiki, naandika na haraka.

Nilisoma barua yako jana asubui, na nikaenda ku robinet kunawa ile mukono. Nikanawa na sabuni. Nikanawa na sabuni ya unga, kiisha na Javel. Ngozi ikawaka, woga ikabaki pale pale. Nikaifunga na kitambaa sawa muntu mwenye aliungua, na nikakaa chini, siyue kwa muda gani. Sitakudanganya tena: naogopa, mudogo. Nikifunga macho nasikia ile pumuzi, na kweli nilifikiri ni we.

Lakini nilikuwa nimeahidi Nono kumuogesha mutoto. Nilienda Hewa Bora na kitambaa yangu, nikiwaza nitamuogesha na mukono ya kushoto tu. Haiwezekane, Mutale. Muntu hawezi kuogesha mutoto wa siku munane na mukono moya, anateleza. Nilijaribu, kichwa ikaanguka nyuma, Nono akashituka. Basi nikafungua kitambaa, nikashika kichwa ya mutoto na ile mukono, ile ile. Nikamuogesha yote, nyuma ya masikio, katikati ya bidole. Alilia sawa batoto bote, kiisha akakojolea kitenge yangu, akalala.

Hakuna mwenye ataniambia kama nilifanya vizuri. Woga haikutoka. Lakini mutoto alipaswa kuogeshwa, na mikono ni hii njo tuko nayo.

Usiseme tena iko yako peke yako. Ilipumua ku bidole yangu, nusu ni yangu, nione ao nisione. Kuya samedi. Mi nitashika kichwa, we utamwaga mayi.

Yaya yako,
Angélique